Kaka Yako Hakurukwa na Akili

Vårby gård,
Stockholm, Uswidi.
9 Mei 1976

Mpendwa wifi yangu Agripina,

Pokea salamu zetu sote wa nyumba hii, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. U hali gani, wifi? Mama anaendeleaje na magoti yake? Ile dawa ya kuchua niliyompa Damian alipokuwa anarudi huko ilifika, au aliisahau kwenye mizigo yake? Tulisikia mmehamishiwa kijiji kipya na kwamba mvua zilimkuta Mama bado yuko chini ya turubai. Nilikosa raha kabisa niliposikia hilo. Naomba uniandikie kama nyumba imeshaezekwa, na kama mahindi yameota vizuri kwenye ardhi hiyo ngeni.

Sisi tu wazima. Theluji imekwisha, miti imeanza kutoa majani, na watu wa hapa wanakaa nje kwenye mabenchi wakiota jua, macho wamefumba, kama mijusi. Josiah amerefuka, suruali zake zote zinamwishia juu ya vifundo. Nikisema naye Kiswahili ananielewa, lakini ananijibu Kiswidi, nami nimechoka kugombana naye.

Barua yako ya mwezi uliopita nimeipata. Niliisoma nimesimama mlangoni, nikairudia nimekaa. Unasema Damian alipopita Tarime aliwaambia kwamba kaka yako Januari ameharibikiwa. Kwamba alionekana kanisani, mbele ya Wazungu, akikanyaga sakafu na kulia kwa sauti, fimbo yake ya kuongozea kwaya ameitupa chini, na kwamba labda ni pombe. Na kwamba tangu siku hiyo Mama hali vizuri, anataka mwanawe arudishwe nyumbani atibiwe.

Wifi, Damian hakusema uongo. Alichokiona alikiona. Ila alifika amechelewa, akakaa nyuma kabisa, na siku chache baadaye akapanda ndege. Hakumuuliza mtu. Mimi nilikuwepo tangu mwanzo, kwa hiyo tulia nikueleze, kisha umsomee Mama polepole.

Kaka yako unamjua kuliko mimi, maana ulimbeba mgongoni. Ofisini anachora ramani za barabara na mabomba, na nyumbani anaishi kama mtu anayechora. Viatu vyetu mlangoni vimepangwa visigino ukutani. Mtu akiahidi kuja saa tisa akafika saa tisa na robo, anafunguliwa mlango, lakini uso wa kaka yako haufunguki mpaka chai ya pili.

Kwaya aliianzisha yeye, sisi watu wa Afrika Mashariki tulipoanza kuwa wengi huku. Kanisa moja la hapa Vårby gård linatuazima ukumbi wake Jumamosi mchana. Sauti nne, kila mtu na karatasi yake ya noti, mashati meupe, sketi nyeusi, na hakuna kutikisika. Ukitikisa bega anakutazama tu, bega linatulia lenyewe. Lakini tukiimba, wifi! Sauti zinapanda pamoja kama maji yanayojaa mtungini bila kumwagika hata tone. Nimeona mwanamke wa Kiswidi, mtu mzima, akitoka nje kufuta machozi. Usije ukafikiri kwamba utaratibu wa kaka yako ulikuwa kitu kibaya. Katika nchi ambayo jua linazama kabla hujamaliza kuosha vyombo vya mchana, utaratibu ule ulitushika wengi tusianguke.

Halafu wakaja Waganda, baada ya mambo ya kwao kuharibika. Kati yao alikuwepo Noeline, mwanamke wa rika langu, na binti yake Robinah, ambaye sasa ana miaka minane. Mume wa Noeline aliitwa Mukasa, karani wa benki Kampala. Watu walikuja na gari nyumbani kwao wakamchukua akiwa bado anatafuna chakula cha mchana, na hakuonekana tena. Hakuna maiti, hakuna kaburi, hakuna wa kumuuliza. Mdogo wake Mukasa, Samwiri, ndiye aliyefanikiwa kuwatoa mama na mtoto. Yeye hapa anapaka rangi majumba. Noeline alipata kazi ya kuosha vyombo katika jiko la hospitali, akapanga Fittja, vituo viwili vya treni kutoka kwetu, jengo moja na Samwiri.

Wote wawili walijiunga na kwaya. Noeline ana sauti nzito ya chini, inayokufanya ugeuke uangalie nani anaimba. Alisimama wima kama sisi wengine, karatasi mkononi, na sikuwahi kumwona akilia. Tulimsifu kwa hilo. Tulisema, mwanamke yule ni jasiri.

Mwezi wa Novemba tulikuwa katika mazoezi ya wimbo wa ufufuo, mahali ambapo sauti moja inauliza kaburi liko wapi na nyingine zinajibu. Kaka yako hakuridhika. Alitusimamisha, tukarudia. Akatusimamisha tena, tukarudia. Safari hii Noeline hakusimama. Aliendelea peke yake, macho amefumba, maneno yakageuka Kiganda, kisha hayakuwa maneno tena. Akapiga kigelegele kirefu, akaanza kuzunguka. Samwiri akapiga meza kwa viganja, na ukumbi mzima ukaingiwa. Karatasi zilianguka sakafuni tukazikanyaga. Miguu yangu ilikuwa inakwenda kabla sijaiambia.

Kaka yako aligonga kibao cha kuwekea noti. Hakuna aliyesikia. Ndipo akapaza sauti, yeye asiyepaza sauti: "Noeline! Kaa chini! Nyamaza, kaa chini!"

Noeline alisimama ghafla kama aliyemwagiwa maji baridi. Alimtazama kwa macho ambayo sikuyaelewa. Akachukua koti lake, akamshika Robinah mkono, akatoka. Samwiri akamfuata, na nyuma yake karibu nusu ya kwaya.

"Hii ni kwaya," kaka yako akatuambia sisi tuliobaki. "Si ngoma ya pombe." Lakini alisema kwa sauti ndogo.

Waliotoka wakaanza kukutana Fittja, kwa Samwiri. Nilimwambia Baba Josiah wazi kwamba nakwenda kuwaona. Hakunikataza. Aliendelea kupiga pasi shati lake, akaipiga kola ile ile mara nyingi kuliko ilivyohitaji.

Huko kulikuwa na furaha, nisikufiche. Hakuna karatasi wala fimbo. Samwiri alikuwa amejitengenezea ngoma kwa ndoo kubwa ya rangi na ngozi aliyopewa machinjioni. Mtu aliimba kilichomjia, alilia akitaka, alicheka akitaka, na ukirudi nyumbani mwili ulikuwa mwepesi kama uliotuliwa mzigo. Nilimkumbuka bibi yangu mzaa mama kule Bukoba, alivyokuwa akipandwa na mizimu, na baba yangu, katekista, alivyokuwa akifunga mlango ili sisi watoto tusimwone. Nilikuwa na miaka mingi sijamkumbuka bibi.

Lakini ilianza kuzidi. Noeline alikuwa anangoja siku ya kukutana tu, siku nyingine zote alikuwa kama mtu aliyezimwa. Aliacha kwenda kazini siku moja, kisha siku mbili mfululizo. Robinah alikuwa anasinzia darasani, na mwalimu wake akagundua kwamba anafika shuleni bila kula. Watu wa ustawi wa jamii wakaja nyumbani kuuliza maswali, kwa upole, wakiandika. Hapa, wifi, wakiona mtoto hatunzwi wanaweza kumpeleka akakae na familia nyingine. Samwiri aliniambia hilo kwenye ngazi, akizungusha kofia mikononi.

Jumapili moja mchana Noeline alizunguka mpaka akaanguka, paji la uso likagonga chuma cha kupashia joto kilicho ukutani. Damu ikatoka. Sisi tulikuwa tunaendelea kuimba. Aliyeona ni Robinah. Alimkimbilia, akamshika uso, akaita, "Mamma! Mamma!" Noeline akafumbua macho, akamtazama mtoto wake wa kumzaa, akasema neno kwa Kiganda, akamsukuma kwa nguvu hata mtoto akaanguka chali.

Ngoma ilinyamaza. "Amesema nini?" nikamuuliza Samwiri.

"Amemuuliza, wewe ni nani."

Tulimfunga kitambaa, tukamlaza. Robinah sikumwona akilia. Alikaa pembeni ya kitanda akishika ukosi wa gauni la mama yake, kama mtu anayeshika ng'ombe asikimbie.

Sasa nikupeleke mahali pengine kidogo, usidhani nimepotea njia. Nilikuwa nimejiandikisha kwenye masomo ya jioni pale Hagsätra, mtaa tuliokaa zamani. Hapa watu wazima wanapenda mno kukaa duara na kujifunza kitu, wakinywa kahawa na kula mikate wanayoitia iliki, ndiyo, iliki ile ile ya kwetu. Nilitaka kunoa Kiswidi changu, na nafasi iliyobaki ilikuwa katika duara la hadithi za Wagiriki wa kale. Mwalimu wetu ni Bi Ingegerd, aliyefundisha Kilatini shuleni mpaka wanafunzi wa Kilatini wakaisha.

Wiki ile baada ya Noeline kuumia, Bi Ingegerd alitusimulia habari za miungu wawili wa watu hao. Mmoja aliitwa Apolo, mpiga kinubi. Nilipoona picha ya kinubi chake nikalikumbuka litungu la Baba mkwe, marehemu. Apolo ni mwenye vipimo, sheria na uganga, kila kitu mahali pake. Mwingine aliitwa Dionisi, mwenye mvinyo na ngoma, anayewatoa watu nje ya nafsi zao. Walikuwa ndugu, baba mmoja, mama mbalimbali, na unajua ndugu wa namna hiyo wanavyotazamana.

Akasimulia kwamba Dionisi aliingia katika mji mmoja, wanawake wakaacha vitanda vyao vya kufumia wakamfuata mlimani wakicheza. Mfalme wa mji, kijana mpenda amri, akakataa. Akamfunga yule mungu minyororo, minyororo ikaanguka yenyewe. Mwishowe mfalme akapanda mlimani kuwachungulia wanawake. Mama yake mzazi alikuwa miongoni mwao. Alimwona mwanawe, lakini macho yake yaliona mnyama. Mtoto akamwita, "Mama, ni mimi." Hakumjua. Akamrarua kwa mikono yake.

Watu wa duara waliandika katika madaftari yao. Mimi nilishindwa. Nilimwona Robinah amelala chali sakafuni. Nikasema, "Kwa hiyo ni lazima mmoja amwangamize mwenzake? Hakuna namna nyingine?"

Bi Ingegerd aliweka kikombe chini. "Ipo, Dafrosa," akasema. "Walikuwa na nyumba moja."

Akatueleza kwamba hekalu kubwa la Apolo lilikuwa mahali panapoitwa Delfi, mlimani. Lakini kila mwaka wakati wa baridi Apolo aliondoka akaenda kaskazini ya mbali, na miezi ile mitatu hekalu lake hilo hilo lilikuwa la Dionisi. Nyimbo zilibadilishwa. Za Apolo zilinyamaza, zikaimbwa za ndugu yake. Baridi ikiisha, Apolo alirudi na kinubi chake, na hapakuwa na vita.

"Kaskazini ya mbali?" nikasema. "Maskini, alikuja huku kwetu wakati wa baridi? Kutafuta nini?" Walicheka hata mzee mmoja akamwaga kahawa.

Jioni ile nilimsimulia Baba Josiah tukiwa mezani. "Usiniletee mizimu ya Wagiriki kwenye chakula," akasema. Nikaacha. Lakini tulipokuwa tunaosha vyombo, mimi naosha, yeye anafuta, akauliza bila kunitazama, "Huyo aliyeondoka. Alifukuzwa?"

"Hakufukuzwa. Aliondoka mwenyewe, akampa ndugu yake nafasi."

"Na siku za kurudi zilijulikana?"

"Zilijulikana. Miezi mitatu, kisha anarudi."

Akafuta sahani, akaiweka juu ya nyingine, akanyoosha rundo lote likae sawa. "Kumbe walikuwa na ratiba," akasema.

Nilicheka, wifi. Yeye hakucheka. Ndipo nikamweleza habari za Noeline na mtoto, maana mpaka hapo hakuwa ameniuliza chochote cha Fittja. Aliweka kitambaa chini. "Amemsukuma Robinah?"

"Hakumjua."

Jumamosi iliyofuata aliwaacha watu wa kwaya waende mapema, akaniambia nivae koti. Tulipanda treni hadi Fittja. Noeline alitufungulia, kitambaa bado kichwani, akatukaribisha chai. Robinah alikuwa kwa jirani. Kaka yako alikaa ukingoni mwa kiti, akasema alikuja kwa sababu ya siku ile, kwamba alipaza sauti kwa mtu mzima mbele ya watu, na kwamba hilo si sawa.

Sisi na Waganda kwa kawaida tunazungumza Kiingereza. Siku hiyo Noeline alichagua Kiswahili, akatafuta neno moja moja.

"Mwalimu," akasema, ndivyo wanakwaya wanavyomwita, "unajua Kiswahili mimi nilikisikia wapi? Kwetu nyumbani hatukukitaka. Ni lugha ya askari. Watu waliomchukua Mukasa walisema Kiswahili. Mimi niliinuka mezani, wakaniambia: kaa chini. Nyamaza, kaa chini. Nikakaa. Mukasa alitoka mlangoni, mimi nimekaa."

Kaka yako alikuwa ameshika kikombe. Hakukiinua wala hakukiweka.

"Nilikuja kwenye kwaya yako nikisafishe hicho Kiswahili mdomoni mwangu," Noeline akaendelea. "Kikawa kizuri. Kikawa cha Mungu. Halafu siku ile ukaniambia maneno yale yale."

"Sikujua," kaka yako akasema.

"Najua hukujua."

Nje watoto walikuwa wanateleza kwenye theluji na kupiga kelele. Mwishowe kaka yako akauliza, "Mlimfanyia Mukasa matanga?"

"Matanga ya nini? Tumzike nani? Pengine yu hai mahali fulani, nikimlilia nitakuwa nimemuua mimi." Alisema hivyo, kisha akatikisa kichwa. "Hapana, Mwalimu. Hayuko hai. Najua. Ila sina mahali pa kusimama nikalia. Kwa Samwiri nazunguka nazunguka, sifiki."

Kaka yako akakiweka kikombe. "Mimi sina cha kukuondolea hayo, Noeline," akasema. "Ninachojua maishani ni kupanga mambo tu. Niruhusu nipange hili."

Na akapanga, wifi! Unamjua. Alimwendea mchungaji akaomba kanisa lenyewe, si ukumbi. Alikwenda kwa kila mtu aliyetoka kwenye kwaya, mlango kwa mlango, akawaomba warudi kwa siku hiyo. Aliwapangia wanawake chakula, akampa Samwiri ruhusa ya kuleta ngoma yake ya ndoo. Alipiga chapa utaratibu wa ibada, kila kitu na saa yake: wimbo, somo, wimbo, wasifu wa marehemu. Kisha katikati ya ukurasa akaandika jina la Noeline, na chini yake hakuandika saa. Nilimuuliza, hapa itachukua muda gani? Akasema, "Muda wake."

Ilikuwa Jumamosi ya Februari, mchana. Juu ya meza waliweka picha ya Mukasa na tai yake ya kazini, kitu pekee chake ambacho Noeline alitoka nacho. Tuliimba, tukasoma, Samwiri akaeleza maisha ya kaka yake. Zamu ya Noeline ikafika. Akasimama mbele, amemshika Robinah mkono, na hakuweza. Hakuna kilichotoka. Kanisa zima likangoja. Mchungaji alianza kuangalia saa.

Kaka yako aliinua mkono, akatuonyesha: chini, chini kabisa, midomo imefungwa. Tukaanza kuvuma ule wimbo wa ufufuo bila maneno, pumzi ndefu, kwa mwendo mmoja usiobadilika. Aliushika mwendo ule kama mtu anayeshika ngazi ili mwenzake apande. Na Noeline akapanda. Kilianza kama kikohozi, kikawa kilio, kikawa jina la Mukasa, akaliita na kuliita, na ngoma ya Samwiri ikaingia chini yake. Alicheza, alipiga kifua, alilala sakafuni akainuka. Lakini mkono wa mtoto hakuuacha. Akawa anainama akimwambia kitu, na Robinah anatikisa kichwa kukubali, wote wawili wanalia. Safari hii alimjua, wifi. Alimjua mwanzo hadi mwisho.

Nilikuwa namtazama yeye, kwa hiyo sikuona kaka yako alianza lini. Nilisikia fimbo ikianguka. Alikuwa ameshuka kwenye kijukwaa chake. Alikuwa anakanyaga sakafu kwa mguu mmoja, kwa nguvu, kama wanaume wa kwenu wanavyokanyaga litungu likipigwa, na akaita kwa Kikurya, "Tata! Tata!" Baba, Baba. Sijawahi kusikia sauti ile ikitoka kwa mume wangu. Josiah alinishika sketi, akaniuliza kwa Kiswidi chake baba ana nini. Nikamwambia, anamlilia babu yako.

Hapo ndipo Damian alipoingia.

Wifi, nikueleze jambo ambalo nyinyi huko hamkulijua. Baba mkwe alipofariki mwaka sitini na tisa, tulikuwa bado Hagsätra, chumba kimoja. Simu ya maandishi ilitufikia mmeshazika. Siku ile kaka yako alikuwa na mtihani. Aliisoma, akaikunja, akapiga pasi shati, akaenda kufanya mtihani, akafaulu. Aliporudi nilitaka kumshika akasema, "Tule." Nilidhani ndiyo nguvu ya wanaume. Kumbe miaka yote ile ilikuwa imekaa ndani yake, imepangwa vizuri, visigino ukutani.

Unajua ni nani aliyeiokota ile fimbo? Noeline. Alipomaliza kilio chake, uso umevimba, alimwona Mwalimu wake amepiga magoti sakafuni, na kwaya imeanza kupotea, kila mtu na njia yake. Akaiokota, akasimama mahali pa kaka yako, akatupigia mwendo ule ule, taratibu, taratibu, mpaka sauti zikakutana. Alituongoza hivyo mpaka kaka yako alipopata pumzi, akainuka, akakaa benchi ya mbele pamoja nasi wengine, akaimba sauti ya tatu.

Kisha tukala. Wali, nyama, maandazi. Watu walicheka sana, na Samwiri akamwambia kaka yako kwamba ana mjomba Uganda anayeitwa Apolo, mzee wa kanisa, mkali vivyo hivyo. Maana hadithi ya lile hekalu nilikuwa nimeshaisambaza.

Basi mambo yamekaa hivi. Noeline amerudi kazini, na jikoni walimpokea. Wale wa ustawi wa jamii walikuja tena, wakakuta mtoto anakula, wakaaga. Noeline bado ana siku zake mbaya, na siku hizo Robinah analala kwetu. Kwaya imekuwa moja tena. Kaka yako bado anawatazama vibaya wanaochelewa, usidhani amegeuka mtu mwingine. Lakini mazoezi yakikaribia mwisho anakunja karatasi zake, anamwambia Samwiri, "Haya, ni yenu," na anakaa pembeni. Mara nyingine anapiga makofi. Si katika mwendo sahihi kila mara.

Na ameanza kumtaja Baba. Akiwa ananyoa ndevu, akiwa anamfunga Josiah kamba za viatu, anasema tu, "Baba alikuwa hivi." Mwambie Mama mwanawe hanywi na haumwi. Amelia kilio alichokuwa amekikosa, nasi tulikuwa tumemzunguka.

Nisalimie Mama, umshikie mikono yote miwili kwa niaba yangu. Wasalimie shemeji yako Wambura mdogo na mkewe Adelina, na Paskalia wangu mwambie gauni lake la kipaimara nimeshalianza kushona. Mungu awaezekee nyumba, awape mvua ya kiasi, na awalinde wote mlio chini ya paa hilo.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda kama tumbo moja,

Dafrosa

Dada Agripina,

Dafrosa amenipa nisome kabla ya kuifunga. Yote ni kweli. Mwambie Mama nitakuja, nimeomba likizo ya Desemba.

Nina jambo moja la kukuuliza, na miaka hii yote sikuliuliza. Siku ile ya mazishi mlimvika Baba nini? Niandikie kila kitu, hata kama ni kirefu.

Januari